Sifuri Mbili Zisizofanana

KIBARAZANI na Mzee Makengeza

 

Jumanne niliitwa shuleni kwa sababu ya mjukuu wangu, aliyeingia kidato cha kwanza juzi juzi. Kosa lake ni kupata sifuri ya sarufi kwenye jaribio la kupima Kiingereza, lile wanalopewa wageni wote kabla masomo hayajaanza. Matokeo yalibandikwa ukutani, wa kwanza hadi wa mwisho, majina matatu matatu. Nikaomba karatasi yenyewe. Mwalimu akashangaa, wazazi wengine, alisema, hutosheka na namba.

Sentensi kumi, ziandikwe kwa wakati uliopita. Mjukuu kaandika "goed", "eated", "comed", "buyed". Kote mkasi, kwa kalamu nyekundu. Juu ya rundo ilikuwepo karatasi ya mwenzake wa dawati moja: "go", "eat", "come", "buy". Naye sifuri.

Hebu niambieni. Wa kwanza kanuni anayo, tena anaitumia hadi inapitiliza. Kilichobaki ni aambiwe kwamba vitenzi vingine ni vikorofi, vya kukariri tu. Wa pili hajui kabisa kwamba kitenzi cha Kiingereza hubadilika jana ikitajwa. Jaribio limewatofautisha vizuri mno. Aliyeshindwa kuwatofautisha ni msahihishaji.

Jaribio la namna hii kazi yake ni moja, kumwonyesha mwalimu aanzie wapi. Na pa kuanzia ni pengi: darasani wamo waliosoma shule za Kiingereza tangu chekechea, na wamo hawa wetu ambao mtaala wa 2015 uliwaanzishia Kiingereza darasa la tatu, na leo karibu kila somo wanalisoma kwa lugha hiyo. Nikauliza matokeo yamebadilisha nini. Mwalimu wa taaluma akanifunulia azimio la kazi: wiki ya kwanza mada ya kwanza, wiki ya pili mada ya pili. Liliandikwa Desemba, watoto wenyewe hawajakanyaga hapo. Fundi cherehani akikupima kiuno, kisha akakata kitambaa kwa kipimo cha mteja wa mwaka jana, utamlipa?

Msiniambie darasa lina watoto tisini. Najua, nimefundisha. Aliyesahihisha karatasi tisini kashamaliza kazi ngumu. Kuzigawa mafungu matatu mezani ni kazi ya chai moja. Hazigawanywi kwa sababu mthibiti ubora akija hakagui mafungu, anakagua azimio na andalio la somo.

Shule, hata hivyo, imeshapata dawa. Waliofeli wote watabaki tuisheni ya jioni, chumba kimoja, kwa mchango wa mzazi. Nikauliza watafundishwa nini. Mwalimu akachangamka, hatimaye swali jepesi.

"Mada ya kwanza, mzee."