Kabla hujampa fundi wa kitalu nyumba fedha zako

Msomaji wa Tabata ameniandikia kwamba wamevunja kikoba, mgao wake ameupata, na mumewe ameshapata fundi wa kujenga kitalu nyumba uani kwao. Fundi anataka nusu ya malipo Jumamosi. "Nyanya zimetuzidi bei na nina watoto watatu. Nikubali?"

Dada yangu, mwambie shemeji asubiri kwanza.

Sisemi msijenge. Ila fundi amewaonyesha picha ya banda lililofunikwa nailoni juu mpaka chini, na banda la namna hiyo ni la watu wenye shida ya baridi. Njombe au Makete, ambako usiku wa Juni na Julai unauma, nailoni inatunza joto la mchana na mmea unanawiri. Lushoto hivyo hivyo. Tabata hamna shida hiyo. Januari joto la Dar hufika nyuzi 31 au 32 kivulini, na ndani ya nailoni iliyofungwa linapita 40 kirahisi. Mchana ukizidi nyuzi 35, chavua ya nyanya inaharibika na maua yanapukutika. Mtabaki na miche mirefu ya kijani, mizuri kupigia picha.

Kwa Dar, Tanga, Mtwara na pwani yote, mnachohitaji ni kuzuia wadudu na mvua kubwa huku upepo ukipita. Nailoni iwe paani tu, pande zote nne neti ya wadudu, paa liwe juu mita 3 au zaidi, na juu kabisa paachwe uwazi wenye neti ili hewa ya moto itoke. Fundi akisema paa fupi linapunguza gharama, ni kweli, na ndilo litakalozipika nyanya zenu kabla ya sufuria.

Muulizeni pia kuhusu matundu ya neti. Wavu wa madirishani unamzuia nondo wa kantangaze, huyu aliyeanza kututesa nchini 2014, lakini nzi weupe wanaoleta ugonjwa wa majani kujikunja wanapita. Semeni wazi kwamba mnataka neti ya kuzuia nzi weupe. Nailoni iwe ile iliyotiwa kinga ya jua, maana ya kawaida huchakaa upesi. Na tafadhali, chandarua chenye dawa kibaki kitandani kwa watoto, si bustanini.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi hawaliulizi, nalo ni udongo. Mmewahi kupanda nyanya, bilinganya, hoho au nyanya chungu hapo uani zikanyauka ghafla zikiwa bado za kijani? Ikitokea tena, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, subiri dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka, huo ni mnyauko wa bakteria. Unakaa udongoni miaka, hauna dawa ya kupuliza, na banda la bei yoyote haliuzuii. Hapo pandeni kwenye ndoo kubwa au viroba, kwa udongo wa kutoka kwingine.

Ukubwa usiwasumbue. Mita 3 kwa 4 zinabeba miche ya nyanya 20 hivi, inatosha nyumba yenu. Banda la mita 8 kwa 15 ni biashara, linataka mtu wa kushinda humo. Kwa kuwa ndani upepo ni mdogo, asubuhi tikiseni kidogo kamba zilizoshika miche ili chavua idondoke. Wapeni watoto kazi hiyo, wataipenda. Matango ya mbegu ya kawaida yaacheni nje, yanahitaji nyuki na neti imewafungia.

Nisilolegeza ni pipa la maji. Mtoto wa miaka miwili anaweza kuzama hata kwenye ndoo. Liwe na mfuniko unaofungwa, na mbu pia watakosa pa kutagia. Mlango wa banda uwe na komeo juu, mtoto asilifikie. Siku ya kupuliza dawa watoto wasisogee, na nyanya zisichumwe mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa, hata kama mboga ya jioni imekosekana.

Haraka haipo. Mchicha na matembele mnaweza kupanda leo bila banda lolote. Mbegu za nyanya zisieni Aprili, miche ihamie bandani Mei, maua yatoke Juni na Julai wakati joto limepungua. Jumamosi fundi akija, msimpe fedha. Mwombeni awapeleke mkaone banda alilojenga mwaka jana hapa hapa Dar, na mwende saa nane mchana.