Bei ya mafuta inapangwa Kinshasa, inalipwa kwenye mashini ya kusaga

BUNIA, ITURI – Kila mara bei ya esansi inapopanda, wa kwanza kusikika ni wanamotari. Wana haki ya kulalamika, lakini si wao wanaoumia zaidi. Anayeumia zaidi ni mama aliyekimbia kijiji chake, anayelala chini ya hema la plastiki kambini, hana pikipiki wala gari. Mama huyo hajawahi kununua litre moja ya mazutu, ila anailipa kila siku. Mashini inayomsagia muhogo inatumia mazutu. Mwenye mashini akiongeza franka mia mbili kwa kila kipimo, mama anapunguza unga, na watoto wanakula mara moja badala ya mbili. Samaki kutoka Tchomia, chumvi na sabuni vinafika sokoni kwa gari, kwa hiyo navyo vinapanda. Usiku mwanamke mjamzito akishikwa na uchungu, bei ya kumfikisha hospitalini inategemea kilichobaki ndani ya bidoni ya mwanamotari.

Serikali inasema inawalinda raia. Kweli, bei ya mafuta nchini haiachwi sokoni tu: Wizara ya Uchumi ndiyo inayotia sahihi karatasi ya bei, na kanda ya Mashariki ina bei yake. Bei ya dunia ikipita ile ya karatasi, hazina ya taifa inazilipa kampuni za mafuta hasara yao. Mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipopandisha bei kila mahali, mzigo huo ulikuwa mzito sana kwa serikali.

Lakini nani anaufaidi msaada huo? Mwenye gari kubwa anayejaza tangi kwenye stesheni ya Kinshasa anaufaidi kila wiki. Mtu wa Djugu au Irumu ananunua kwenye chupa, barabarani, kwa wale vijana wanaoitwa kadhafi (jina walilopewa kwa kumkumbuka yule kiongozi wa Libya, nchi ya mafuta), na kwenye chupa hakuna karatasi ya waziri. Vijana hao wasilaumiwe haraka. Mafuta yao yametoka Mombasa, yamevuka Kenya na Uganda, yameingia Mahagi, kisha yakashika barabara ya kitaifa namba 27. Kwenye barabara hiyo makundi yenye silaha yameweka vizuizi na kudai pesa, na watu wenye sare za serikali nao wamefanya vilevile. Kila kizuizi kinaongeza kitu kwenye ile chupa. Ituri imekuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Kama kuna kazi moja ambayo utawala huo ungepaswa kuifanya kwanza, ni kuondoa vizuizi.

Wanasiasa wana jibu lingine: mafuta ya Ziwa Albert. Wanaonyesha upande wa pili wa ziwa, ambako Uganda inachimba Tilenga na Kingfisher na kujenga bomba la kilomita 1,443 mpaka Tanga. Wanasema sisi pia tukichimba, shida itaisha. Haitaisha hivyo. Kongo inachimba mafuta Muanda, kwenye bahari, tangu miaka ya 1970. Mafuta ghafi yote yanauzwa nje, kisha nchi inanunua esansi iliyosafishwa ng'ambo. Watu wa Muanda wenyewe wananunua litre kwa bei kali. Bila kiwanda cha kusafisha, kisima cha mafuta hakijazi bidoni ya mtu. Mwaka 2022 serikali ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta, vingine ndani ya mbuga ya Virunga. Oktoba 2024 mnada ukafutwa. Miaka miwili ya maneno, na mashini za kusaga ziliendelea kunywa mazutu yaleyale.

Jambo linalowezekana liko karibu zaidi. Mashini ya kusaga inaweza kuzungushwa na umeme. Wabelgiji walijenga bwawa la Budana kwenye mto Shari kwa sababu ya dhahabu ya Kilo. Walijua maji ya hapa yana nguvu. Leo, nchi yenye Inga, karibu watu wanne kati ya watano hawana umeme. Sehemu ya pesa zinazolipwa kampuni za mafuta ingejenga mitambo midogo kwenye mito ya Ituri, ikianzia na vituo vya afya na mashini zilizo karibu na kambi.

Hiyo itachukua miaka. Kuna jambo lisilohitaji hata mwezi: karatasi ya bei isomwe kwa Kiswahili kwenye redio siku ileile inapotiwa sahihi, pamoja na kila kodi iliyomo ndani yake, ili mama anayesimama mbele ya mashini ajue ni franka ngapi kati ya zile anazotoa zinaenda kwa mafuta, na ngapi zinaenda kwa wakubwa.