Utafiti wa Nyota si Anasa

Kila mwaka vyuo vikuu vya nchi hii vinapoanza likizo ndefu, wanafunzi wa shahada ya kwanza hutawanyika kwenda kwenye mafunzo kwa vitendo. Mhandisi mtarajiwa huenda barabarani na mitamboni, mwalimu mtarajiwa huenda darasani kushika chaki, mwanafunzi wa kilimo huenda shambani. Utaratibu huo ni mzuri, maana unatokana na siasa ya Elimu ya Kujitegemea iliyotolewa na Mwalimu Nyerere mwezi Machi 1967, siasa iliyokataa katakata kuitenganisha elimu na kazi. Lakini katika utaratibu huo limebaki pengo moja ambalo wakuu wa elimu wamelizoea mno hata hawalioni tena. Mwanafunzi wa Fizikia anayetaka kuifanya elimu ya nyota kuwa kazi yake hajatengewa mahali pa kwenda.

Na achukuliwe kwa mfano kijana wa Izimbya, Bukoba Vijijini, mkoani Kagera. Kijana huyo amekulia mbali na taa za mji. Masika yanapokwisha na anga kutakata, jioni za mwezi Juni anaweza kusimama kando ya migomba ya wazazi wake na kuuona Msalaba wa Kusini upande mmoja na Dubu Mkubwa wa kaskazini upande wa pili, kwa wakati mmoja. Sababu ni kwamba Izimbya iko kati ya digrii 1 na 2 tu kusini mwa Ikweta. Mwanafunzi wa Leiden huko Uholanzi, au wa Manchester huko Uingereza, hawezi kuuona Msalaba wa Kusini akiwa chuoni kwake hata akikesha mwaka mzima. Hata hivyo kijana wa Izimbya ndiye anayetakiwa kuandika maombi kwenda kwa hao wa Leiden na Manchester, akiwasihi wampe nafasi ya kujifunza utafiti wa anga ambalo yeye analo juu ya paa la nyumba yao.

Ieleweke kwamba hakuna ubaya katika kusoma ugenini. Ubaya ni kuufanya ugeni kuwa njia ya pekee. Tangu mwaka 1987 Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani umekuwa ukigharimia mpango wa utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza wakati wa likizo ya majira ya joto. Mwanafunzi hukaa na watafiti kwa wiki 10 hivi, akapewa posho na malazi, akakabidhiwa swali ambalo jibu lake halimo katika kitabu chochote. Mpango huo, hata hivyo, hugharimia raia wa Marekani na wakazi wa kudumu wa nchi hiyo. Wamarekani hawastahili kulaumiwa kwa jambo hilo, kwani kila taifa lenye akili hulea watoto wake kwanza. Wa kulaumiwa ni yule anayekaa kitako akingoja watoto wake walelewe na jirani. Wahenga walisema zamani kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Afrika Mashariki inayo kumbukumbu yake chungu katika jambo hili. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililojengwa na Waitalia baharini huko Ngomeni, karibu na Malindi, Wamarekani walirusha setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa mahususi kwa kupima miale ya eksirei itokayo angani. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha mwaka wa saba wa kujitawala, setilaiti hiyo iliitwa Uhuru. Ilifanya kazi hadi mwaka 1973. Vipimo vyake vilitoa orodha ya vyanzo 339 vya miale hiyo, na vilisaidia kuonyesha kwamba mashimo meusi yaliyokuwa katika hesabu za wanafizikia yamo kweli angani. Kiongozi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Jina la chombo lilikuwa la Kiswahili, bahari ilikuwa ya Waswahili, na elimu yote iliyopatikana ikaenda kujaza maktaba za wengine. Miaka zaidi ya 50 imepita tangu siku hiyo, na somo lake bado halijafanyiwa kazi.

Wakati huohuo majirani hawakulala. Afrika Kusini ilipoandaa mradi mkubwa wa darubini ya redio ya SKA, nchi nane za Afrika zilijiunga nayo kama washirika: Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Morisi, Msumbiji, Namibia na Zambia. Tatu kati ya hizo, yaani Kenya, Msumbiji na Zambia, zinapakana na Tanzania. Vijana wa nchi hizo wamekuwa wakipewa mafunzo ya msingi ya astronomia ya redio. Ghana ilikwenda mbali zaidi, kwani mwaka 2017 ilizindua huko Kuntunse darubini ya redio iliyotokana na dishi la zamani la simu lenye upana wa mita 32. Chombo kilichokuwa kimestaafu kikapewa kazi mpya, na vijana wakapata mahali pa kujifunzia. Tanzania, nchi iliyokuwa mstari wa mbele katika ukombozi wa Kusini mwa Afrika, haimo katika orodha ya nane hao.

Wapo watu, na baadhi yao wamekalia viti vya uamuzi, ambao wakisikia habari hizi hucheka. Husema kwamba nyota haziliwi. Husema kwamba Kagera inahitaji migomba yenye afya na bei nzuri ya kahawa, na kwamba shule isiyo na madawati ya kutosha haina haja ya darubini. Hoja hiyo huvaa joho la kuwahurumia wananchi, lakini ndani yake imo kasumba ileile ya kikoloni: kwamba Mwafrika kazi yake ni kulima na kuchimba, na kwamba kufikiri mambo makubwa ni kazi ya watu wengine. Hoja hiyo yafaa ijibiwe kwa mifano.

Kwanza, kuhusu gharama. Katika Chuo Kikuu cha West Virginia, mwanafunzi wa shahada ya kwanza, David Narkevic, alipewa na mwalimu wake Duncan Lorimer kazi ya kupekua kumbukumbu za darubini ya redio ya Parkes, Australia, zilizorekodiwa mwaka 2001. Ndani yake akakuta mwako mmoja wa redio uliodumu chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde, uliotoka mbali sana nje ya kundi la nyota ambamo jua limo. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2007, na imezaa tawi zima la utafiti duniani. Mwaka 2019 Wolf Cukier, kijana wa sekondari mwenye umri wa miaka 17, aliingia mafunzo ya likizo katika kituo cha Goddard cha NASA. Siku ya tatu tu aliona katika vipimo vya setilaiti ya TESS dalili ya sayari inayozunguka nyota mbili. Vipimo vya TESS huwekwa wazi kwa watu wote duniani, bure. Havidai viza wala nauli ya ndege. Vinadai kompyuta, intaneti, subira, na mwalimu anayejua kuuliza swali. Je, vyuo vikuu vya Tanzania havina kompyuta? Zipo, na likizo ndefu inapofika nyingi hufunikwa kwa vitambaa zisiingie vumbi.

Pili, kuhusu faida. Mwezi Septemba 2016 Kagera ilishuhudia mambo mawili. Tarehe 1 jua lilipatwa. Huko Rujewa, mkoani Mbeya, lilionekana kama pete, na Izimbya lilionekana limemegwa sehemu. Tarehe 10 ardhi ya Bukoba ilitetemeka kwa kipimo cha 5.9, watu wakafa na nyumba nyingi zikabomoka. Mtu asiye na elimu ya kupima angeweza kuyafunga matukio hayo mawili katika furushi moja la uchawi au ghadhabu. Aliyefunzwa utafiti huyatenganisha, kwa sababu anajua kwamba saa ya kupatwa kwa jua huweza kuhesabiwa miaka mingi kabla, na ya tetemeko haiwezi. Zaidi ya hayo, hesabu za kuchambua mawimbi ya redio ya nyota ni ndugu wa hesabu za kuchambua mawimbi ya tetemeko. Mnyauko wa migomba, ulioripotiwa Muleba mwaka 2006 na kuwatia hasara wakulima wa Kagera, huweza kufuatiliwa kwa picha zinazopigwa kutoka juu na mtu aliyezoea kutofautisha dalili ya kweli na madoa ya bahati. Kijana aliyefunzwa kwa nyota hapotei kwa taifa. Akihamia hali ya hewa, sensa, kilimo au ulinzi, huenda na ujuzi wake.

Tatu, kuhusu utu na historia. Watu wa ukanda huu hawakungoja wageni waje kuwaonyesha mbingu. Waswahili waliziita nyota za Kilimia kwa kazi ya kulima, wakasema kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Upande wa pili wa mpaka wa Kagera, huko Biharwe nchini Uganda, masimulizi ya wazee yanaeleza jinsi jua lilivyopatwa vita vikiendelea, na jeshi la Bunyoro likaacha ng'ombe lililowateka. Wanahistoria wengi wamelihusisha tukio hilo na kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili 1520, na kwa tarehe hiyo wamejaribu kupanga miaka ya wafalme wa eneo zima la Maziwa Makuu. Je, masimulizi ya Karagwe na Buhaya yanasemaje kuhusu giza la mchana? Kivuli cha jua kilipita wapi katika ardhi hiyo, na mwaka gani? Huo ni utafiti wa likizo moja. Anayefaa kuufanya ni mwanafunzi anayejua Fizikia na anayeweza kuketi na wazee wa Izimbya akawasikiliza kwa Kihaya.

Walimu wanalo deni lao pia. Kwa miaka mingi muhtasari wa Fizikia wa Kidato cha Nne umekuwa na mada ya elimu ya nyota. Mwalimu ambaye hakuwahi kupima kitu chochote angani huifundisha mada hiyo kama anayesoma tangazo ubaoni. Wanafunzi hukariri majina ya sayari, hujibu mtihani, husahau. Mwishoni mwa mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020, Betelgeuse, nyota nyekundu ya kundi la Orion, ilififia kiasi cha kuonekana kwa macho matupu. Shule yoyote ya kijijini ingeweza kuulinganisha mwanga wake na wa nyota za jirani, ikaandika daftarini kila usiku, na daftari hilo lingekuwa kumbukumbu ya sayansi. Kilichohitajika ni mwalimu aliyefunzwa kutazama.

Serikali imekwisha kupiga hatua. Ufadhili wa Samia ulioanzishwa mwaka 2022 umewafungulia njia wanafunzi waliofaulu sana masomo ya sayansi. Mwaka 2023 nchi ilitangaza nia ya kuwa na setilaiti yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeleta mradi wa kampasi yake katika Wilaya ya Bukoba. Lakini setilaiti haiendeshwi kwa hotuba, na kampasi haiwi chuo kwa kuta peke yake.

Kwa hiyo hapana budi hatua zifuatazo zichukuliwe. Vyuo vikuu na Bodi ya Mikopo viutambue utafiti wa astronomia kuwa mafunzo kwa vitendo kamili, na posho yake ilipwe sawasawa na ya mwanafunzi anayekwenda kiwandani. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986, itenge nafasi za utafiti za kila likizo ndefu, na nafasi hizo zigawiwe kwa uwezo wa mwombaji, pasiwe na kujuana. Mwaka 2007 huko Addis Ababa wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walihimiza kila nchi itumie asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Nafasi chache za wanafunzi ni tone tu katika mtungi huo. Mwisho, kila mwanafunzi atakayepata nafasi arudi wilayani kwake, akae wiki mbili na walimu wa sekondari, awakabidhi alichojifunza. Kampasi ya Kagera ipewe jukumu la kuwa kitovu cha kazi hiyo kwa kanda nzima ya Ziwa, na Izimbya, yenye anga la giza na watu wenye kumbukumbu, iwe miongoni mwa vituo vya kwanza.

Watumishi wa umma wenye dhamana ya mambo haya wasisingizie umaskini. Posho ya mafunzo ipo katika utaratibu, kompyuta zipo vyuoni, vipimo viko wazi kwa dunia nzima, na vijana wapo. Kinachosubiriwa ni waraka mmoja wenye sahihi, na likizo ndefu ijayo haiko mbali.