AFYA YA FAMILIA: Muwasho Ukiisha, Fangasi Bado Wapo

Mwezi huu tuongee juu ya fangasi wa miguu. Wengi wanasema ni ugonjwa wa watu wachafu. Siyo kweli. Hata mtu msafi anaupata.

Chanzo ni nini? Fangasi ni vimelea vidogo sana vinavyopenda joto na unyevunyevu. Hapa Dzaleka, mvua zikianza Novemba mpaka Aprili, tunashinda ndani ya mabuti na viatu vilivyolowa, vidole havikauki. Halafu tunaambukizana nyumbani: kuazimana viatu na soksi, taulo moja kwa wote, bafu moja bila kandambili.

Dalili zake ni muwasho kati ya vidole, hasa kidole cha mwisho na jirani yake. Ngozi inakuwa nyeupe, inabambuka, inapasuka na kunuka. Wengine nyayo zinakauka na kutoa magamba.

Mipasuko hiyo ni mlango wa bakteria. Mguu ukivimba, ukawa wa moto na kuuma, au ukipata homa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Mwenye kisukari asingoje mpaka hapo. Akiona mpasuko mdogo tu, aende.

Sasa sikilizeni vizuri, akina mama na akina baba. Ukienda sokoni, hapa kambini au Lilongwe, usichukue tyubu yoyote kwa sababu ilimsaidia jirani. Soma jina. Ukiona betamethasone au clobetasol peke yake, iache. Krimu hizo zinatuliza muwasho haraka, unafikiri umepona, kumbe fangasi wanaenea chini kwa chini.

Dawa inayofaa ni kama clotrimazole au mafuta ya Whitfield. Paka mara 2 kwa siku. Muwasho unaweza kuisha siku chache tu, lakini usiache! Clotrimazole endelea nayo mpaka wiki 4, maana vimelea bado wamo ndani ya ngozi. Ikishindikana, mwone mganga wa kituo.

Na kila jioni: osha miguu kwa sabuni, kausha vizuri kati ya vidole, anika viatu juani, badili soksi. Kama wawili nyumbani wanawashwa, watibiwe pamoja, la sivyo mmoja atamrudishia mwenzake.

Afya njema, mpaka mwezi ujao!