Nani Aliwaambia Watoto Wanataka Mafunzo?

Ingia duka lolote la vitabu hapa Nairobi, chukua hadithi ya mtoto wa miaka kumi, na usianze mwanzo. Nenda ukurasa wa mwisho. Mara nyingi utakuta yule mvulana mtoro amejuta, au yule msichana mtiifu amepewa zawadi mbele ya shule nzima. Chini kuna maswali matano. La tano linauliza: umejifunza nini? Mtoto anajua jibu hata kabla ya kusoma, manake ni lile lile la kitabu cha mwaka jana.

Halafu tunalalamika ati watoto hawapendi kusoma. Si ungechoka pia?

Kuna mwandishi Mmarekani anaitwa Ellen Raskin, alizaliwa Milwaukee mwaka wa 1928. Alikuwa mchoraji kwanza, na majalada ya vitabu aliyoyachora yanapita 1,000. Baadaye akageukia hadithi zake mwenyewe, zote zimejaa vichekesho na mafumbo. Mwaka wa 1978 akatoa The Westing Game, na mwaka uliofuata kikashinda Nishani ya Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto kule kwao. Tajiri anakufa. Warithi 16 wanaitwa kusomewa wosia, wanagawanywa wawili wawili, kila jozi inapewa dola 10,000 na karatasi zenye maneno machache yasiyoeleweka. Atakayefumbua anabeba utajiri wa dola milioni 200. Kati yao kuna jaji, mpishi, karani anayeandika kila neno kwa hatimkato, na Turtle, msichana wa miaka 13 ambaye ukimvuta nywele anakupiga teke la muundi.

Ninachompendea huyu mama ni kwamba hamwonei mtoto huruma. Jumba wanamoishi warithi limepewa jina la machweo, lakini limeelekea mashariki. Mtoto anaambiwa hivyo mapema kabisa, kisha anaachwa. Ishara ziko wazi mezani, na watu wazima ndani ya kitabu wanazikosea vibaya, kila mmoja kwa kiburi chake. Msomaji akizikosa, shauri yake. Arudi nyuma asome tena.

Nilinunua nakala ya mtumba kando ya barabara, shilingi 150, nikampa mpwa wangu wa miaka 11. Dadangu alikuwa ameniapia kwamba huyo kijana na vitabu ni maadui. Siku ya pili nikapata ameng'oa karatasi kwenye daftari la hesabu (usimwambie mwalimu) na kuchora jedwali la majina 16. Kila jina lina alama. Ananiambia, "Anko, huyu anadanganya, na huyu anajua anadanganywa." Huyo ndiye mtoto tunayesema hana makini.

Sasa nieleze kilichoniudhi. Mwaka jana nilimpelekea mchapishaji mmoja mswada wa Kiswahili. Watoto watatu wa ploti wanatafuta aliyekula pesa za chama cha mama zao, na ufunguo uko ndani ya ujumbe wa M-Pesa: saa, jina, salio. Ukiusoma polepole utamjua mwizi. Jibu likaja baada ya miezi mitano. Hadithi ni tamu, ila funzo halionekani. Tena wakaniomba mwizi atajwe sura ya pili, ili mtoto asichanganyikiwe.

Asichanganyikiwe! Kwani fumbo ni nini, bana?

Hapo ndipo nashindwa kabisa, kwa sababu lugha yenyewe hii ilizaliwa ikicheza hivyo. Kitendawili! Tega! Unategewa, unakuna kichwa, unabahatisha, unachekwa. Ukishindwa hupewi jibu bure, unaambiwa utoe mji. Unampa mtu Mombasa nzima, anaenda huko anakula raha zake mbele ya kila mtu, na wewe umekaa hapo huna mji, ndipo akufumbulie. Bibi zetu walijua kwamba jibu lisilolipiwa halikai kichwani. Sisi tumechukua lugha hiyo hiyo tukawaandikia watoto vitabu vinavyotoa jibu kabla mtu hajatega.

Na mtaala wa umilisi tunaoutumia unataja fikra za kina na utatuzi wa matatizo kama umilisi wa msingi. Imeandikwa. Mtoto wa gredi ya tano atafikiria kwa kina kuhusu nini, kama kila kitabu kimemfikiria tayari?

Najua mtaniambia habari ya pesa. Mzazi mwenye mia tano atanunua kitabu kilicho kwenye orodha ya shule, hatanunua upelelezi. Kweli, na mchapishaji pia ana mishahara ya kulipa. Lakini hoja hiyo inaeleza kwa nini vitabu vya shule ni vingi. Haielezi kwa nini kitabu cha shule hakiwezi kuwa na siri ndani yake. Mtihani haujawahi kukataza mtu kuficha mwizi hadi sura ya tisa.

Wala sisemi tumsubiri Raskin atuokoe. Alifariki mwaka wa 1984, na kitabu chake ni cha Marekani hadi kwenye mifupa. Fumbo lake kuu limefungwa ndani ya wimbo wa kizalendo ambao mtoto wa kule ameusikia shuleni tangu utotoni. Mpwa wangu alikwama hapo hapo. Alikuwa amepata kila kitu kingine, kisha akagonga ukuta kwa sababu ya wimbo usio wake, na alikasirika siku mbili. Mimi nilikasirika zaidi. Huyu mtoto anajua namba za matatu za nusu ya mji, anajua majina ya kila mbwa wa mtaa. Hakuna aliyeficha kitu huko ili yeye akitafute.

Akaniuliza kama kuna cha Kiswahili. Nikampa Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, kile cha Bwana Msa. Kilitoka mwaka wa 1960, kiliandikiwa watu wazima wa Unguja, na Kiswahili chake kinamtoa jasho. Juzi simu ya mamake ikanipigia saa nne usiku. Nikajua kuna mgonjwa. Kumbe ni yeye, anataka maana ya neno moja. "Neno tu, anko. Usiniambie nani aliua."