Pikipiki Isiyokwenda Mbio

Swali la kwanza aulizwalo mwenye pikipiki, awe Tanga au Birmingham, ni hili: inakimbia kiasi gani? Na mwenye pikipiki ndogo ya mapigo manne iliyoundwa kwa ajili ya kupanda majabali na kuvuka magogo, mchezo ambao Waingereza wameucheza tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, hana jibu la kumridhisha muulizaji, kwa kuwa chombo chake hakikukusudiwa kukimbia abadani. Kiti chake ni jina tu, gia yake ya kwanza huenda polepole kuliko mtu atembeaye kwa miguu, tairi zake hutiwa upepo haba hata zikakumbatia jiwe badala ya kulidunda, na mpandaji husimama juu ya vikanyagio tangu mwanzo wa pito hadi mwisho wake. Nami nathubutu kusema, bila ya kuwavunjia heshima wapenda mbio, kwamba katika vyombo vyote vya magurudumu mawili vyenye injini hakuna kimfunzacho mtu kuendesha kama hicho.

Kanuni za mchezo wenyewe ni chache. Huchaguliwa mahali pagumu, mathalani kijito chenye mawe ya utelezi au genge lenye mizizi, pakatiwa mipaka kwa vibendera, na kando yake akasimama msimamizi mwenye karatasi. Apitaye bila ya kugusa chini kwa mguu haandikiwi kitu, agusaye mara moja huandikiwa alama moja, agusaye mara mbili huandikiwa mbili, agusaye mara tatu au zaidi huandikiwa tatu, na aangukaye au kushindwa kupita huandikiwa tano, na mwenye alama chache kuliko wote ndiye mshindi. Huko Uskochi, katika milima iliyouzunguka mji wa Fort William, mashindano ya namna hii huchukua siku sita mfululizo, na mwaka 1961 Gordon Jackson, aliyepanda AJS ya mapigo manne, alizimaliza zote sita kwa kupoteza alama moja tu. Mguu mmoja, mara moja, kwa muda wa juma zima! Sijui katika mbio za barabarani ushindi gani wa kuulinganisha na huo.

Wala mtu asidhani kuwa udogo wa injini ni kasoro. Miaka miwili kabla ya Jackson kupata sifa hiyo, Roy Peplow alishinda mashindano hayo hayo kwa Triumph Tiger Cub, pikipiki isiyotimiza cc 200, mbele ya wenzake waliopanda vyombo vizito kuliko chake. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1965, Sammy Miller alipoiacha Ariel yake ya cc 500 akashinda kwa Bultaco ya Kihispania, injini za mapigo mawili zilitamalaki, maana ni nyepesi na hazina mambo mengi ndani yake. Lakini zile za mapigo manne hazikufa. Eddy Lejeune wa Ubelgiji alitwaa ubingwa wa dunia miaka mitatu mfululizo, 1982 hadi 1984, juu ya Honda ya mapigo manne. Na Toni Bou wa Hispania, aliyeanza kuutwaa mwaka 2007 na kuendelea kuutwaa mwaka baada ya mwaka, ameupata kwa Montesa ya namna hiyo hiyo.

Hata hivyo muradi wangu si mabingwa. Nailenga pikipiki ya mtu wa kawaida, kama ile Honda TL125 iliyotolewa mwaka 1973, ya cc 122, yenye uzito usiofika kilo 100, ambayo hata leo hutunzwa katika vibanda vya nyuma ya nyumba. Injini yake huwaka mara moja kwa kila mizunguko miwili, na baina ya mwako na mwako uzito uzungukao ndani yake ndio uchukuao kazi. Kwa hiyo ukiiacha ishuke hadi karibu na kuzimika, hujikongoja ikaendelea kuvuta, na gurudumu la nyuma hupata nafasi ya kushika ardhi kabla ya kusukumwa tena. Ukiteremka mteremko mkali na kuufunga mkono wa mafuta, injini yenyewe hukuzuia, breki ikabaki akiba. Nguvu zake ni chache, nao huo ndio ualimu wake: haimkubalii mpandaji kulipa kwa mafuta deni alilolifanya kwa macho yake, kwa kuingia njia isiyofaa.

Kuimiliki si ghali kama watu wanavyodhania, ijapokuwa kuna udhia wake. Oili sharti ibadilishwe kabla haijawa nyeusi kama wino, nafasi za valvu zipimwe, chujio la hewa lioshwe kila baada ya matope, na kabureta, ikiachwa na petroli ya zamani, huziba na kukupigisha kiki mpaka paja liume. Springi za TL125 ni dhaifu, sifichi. Mwenye kutaka kuruka nayo atafute chombo kingine.

Huku kwetu mchezo huu haujulikani sana, ilhali pikipiki za bodaboda zilizoenea Tanzania na Kenya aghalabu ni ndogo za mapigo manne, na njia za Usambara wakati wa masika hazihitaji msimamizi wala vibendera ili kumtahini mtu. Kwa sababu hiyo naona wanaofunza madereva wa pikipiki wangefanya jambo la maana kama wangeongeza mtihani wa mwendo wa taratibu: mwanafunzi apite baina ya mawe, apinde pembe kali, apande tuta na kushuka, bila ya kuweka mguu chini. Watakaosema kuwa hakuna fedha za mambo hayo nawajibu kwamba pikipiki ni ile ile ya kufunzia, na vilivyobaki ni uwanja wa nyuma, kamba, mawe kadhaa, na mtu mmoja mwenye karatasi asiyewapendelea jamaa zake.