Jiwe la shimoni lisiingie kwa samaki

Sisi watu wa Bukavu tunapenda nyumba ipendeze. Mwenye kuweka samaki ndani ya kioo sebuleni anatafuta jiwe kubwa la kupamba, na matumbawe yanasifiwa sana. Tuseme wazi: matumbawe ni kiumbe hai cha bahari. Katika maji ya ziwa letu, yasiyo na chumvi ya bahari, yatakufa.

Basi wengine wetu tunabeba jiwe la kung’aa toka Kamituga. Hapo tunakosea. Jiwe lenye madini linaweza kutoa sumu pole pole, samaki wakafa. Afazali jiwe la ziwa, lisuguliwe bila sabuni, likalishwe chini kabisa, ndipo mchanga umwagwe. Samaki wengi wa Tanganyika wanachimba kama sisi. Jiwe lililokaa juu ya mchanga litaanguka, kioo kitapasuka. Shimo bila miti ya kushikilia, tunalijua.

Lakini tukiogopa jiwe moja kwa samaki watano, mbona tunamwaga zebaki mtoni, fasi mama anateka maji na watoto wanaoga? Tuanze na mto, ndugu. Ule ndio sisi wote tuko ndani.